Mstari Mwekundu Chini ya Mshono

"Uliona nini?"

Mkuu wa kitengo cha maji aliniuliza swali hilo mara tatu, ndani ya hema la ofisi, ripoti yangu ikiwa mezani mbele yake, imewekewa jiwe isipeperuke. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mganga wa zahanati anayetaka kujua maumivu yalianzia wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya uhandisi mitambo, na walimu wote walionifundisha wangekuambia kwamba Adela hajawahi kukosa la kusema. Siku ile nilikosa. Niliangalia jiwe, nikaangalia maandishi yangu chini ya jiwe, "hakuna dosari iliyoonekana". Aliyejibu alikuwa Mzee Masalu, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, kofia yake magotini. Alichojibu nitakifikia.

Mwezi uliopita binti yake, Kabula, alinipigia simu kutoka Runazi, wilaya ya Biharamulo. Alisema baba amefariki, wameshazika, na kuna kisanduku ambacho aliagiza nipewe mimi. "Alisema mpeni injinia," Kabula aliniambia. "Nikamuuliza injinia yupi, maana siku hizi wako wengi. Akasema yule wa maswali." Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata. Nilifanya kazi na mzee huyo mwaka mmoja tu, miaka ya wakimbizi. Tangu hapo nimekagua vyuma kwenye viwanda vya sukari, kwenye meli, kwenye mabomba ya gesi, na sijawahi kupanda ngazi hata moja bila kusikia sauti yake ikitokea chini.

Mwaka ule vilima vya Ngara vilikuwa vimebadilika rangi. Palipokuwa na malisho palikuwa na turubai za buluu, zimepangana mpaka macho yanachoka, na moshi wa kuni mbichi ulikaa mabondeni tangu asubuhi. Wakimbizi waliokaa chini yake walihitaji maji kabla ya kitu kingine chochote. Shirika lililoniajiri lilikuwa likisimamisha minara ya chuma na kupandisha matangi juu yake, mafundi wakichomelea asubuhi na matangi yakijazwa jioni. Kazi yetu, mimi na Mzee Masalu, ilikuwa kupita nyuma ya mafundi hao na kusema kama chuma kitabeba. Tulitakiwa kusema hivyo bila kukikata, bila kukitoboa, bila kukiharibu kwa namna yoyote. Chuoni nilikuwa nimejifunza njia nyingi za kufanya hivyo: mawimbi ya sauti, eksirei, unga wa sumaku, dawa ya rangi inayopenya kwenye ufa. Ukaguzi wa macho ulikuwa kurasa nne za mwanzo wa kitabu, zile unazozipitia haraka ili ufike kwenye mashine. Kwa hiyo nilifika Ngara nikitegemea mashine, nikakuta begi la turubai. Ndani yake kulikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, lenzi, darubini ndogo, brashi ya waya, chaki, chupa ya maji na vitambaa. "Mashine iko wapi, mzee?" niliuliza. Akagusa chini ya jicho lake kwa kidole. Nilidhani ananitania, nikacheka, na nilipoona hacheki nikanyamaza.

Nilipanga chumba Kibimba, kwa Mama Restituta, mjane Mkatoliki ambaye familia yake ililima pale tangu kabla ya kanisa kujengwa. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao, picha ya Bikira Maria iliyofifia upande mmoja kwa jua, na ukuta usiofika juu kwenye bati, hivyo kila kilichosemwa sebuleni nilikisikia. Mama Restituta na wifi yake walizungumza Kihangaza, ila walipotaka nisikie walihamia Kiswahili. Jioni moja, wakichambua maharage kwenye ungo, nilimsikia wifi akiuliza, "Huyu binti kazi yake ni nini hasa?"

"Kuangalia," akajibu Mama Restituta.

"Kuangalia nini?"

"Vyuma."

"Anavifanya nini?"

"Nimekwambia, anaviangalia. Akimaliza anaandika kwamba ameviangalia."

Maharage yalimwagika kidogo kidogo kwenye sufuria. "Kumbe hata mimi ningesoma," alisema wifi, wakacheka mpaka ungo ukatikisika. Mimi chumbani nilitabasamu, lakini liliniingia. Ndicho hasa nilichokuwa nikijiuliza kila siku. Nilisomea uhandisi miaka minne, nimeletwa hapa nyuma ya mzee wa darasa la saba aliyejifunza kazi kwenye maboila ya kiwanda cha kuchambua pamba, nami nalipwa kutazama. Chakula cha jioni kilikuwa ndizi zilizopikwa pamoja na maharage hayo, na mafuta ya msaada ambayo yalikuwa yakifika sokoni kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza. Nilikula huku nikimweleza Mama Restituta kwamba jicho la binadamu linadanganyika kirahisi, kwamba linaona linachotarajia kuona. Alinisikiliza kwa adabu, akaniongezea ndizi. "Kula, mwanangu," alisema. "Jicho lenye njaa ndilo linadanganyika zaidi."

Mzee Masalu alikuwa Msukuma aliyehamia Runazi na ng'ombe wake, mtu mrefu, mwenye goti bovu la kulia na vidole vilivyokuwa laini kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa vyuma. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kisha akaongeza mwangaluka, salamu ya Kisukuma, nami nikajifunza kuiitikia. Alikuwa na taratibu zake ambazo mwanzoni niliziona kama tambiko. Hakukagua kitu jua likiwa utosini. Alitaka jua la asubuhi, linalokuja kwa ubavu, au tochi iliyolazwa karibu igusane na chuma, ili ufa mdogo kama unywele utupe kivuli. Kabla ya kuchungulia ndani ya tangi alikaa kando na kufumba macho kwa muda, ayazoeze giza. Alinikataza kusafisha chochote kabla ya kukitazama kikiwa kichafu. "Mgonjwa ukishamwogesha huwezi kujua alikotambaa," alisema. Tukishatazama uchafu, ndipo tunafuta kwa kitambaa chenye maji, kisha tunasugua kwa brashi, kisha tunatazama tena. Na kwa sababu ya goti lake, mimi ndiye niliyepanda. Yeye alisimama chini na darubini na daftari, na sheria yake moja ilikuwa hii: niseme kwa sauti kila ninachokiona, naye aandike. "Sema unachokiona, ng'wanawane," alinikumbusha, akiniita mwanangu kwa Kisukuma. "Usiseme unachokijua. Unachokijua kitakuja baadaye chenyewe."

Kila mara aliniuliza rangi. "Langi?" alisema, kwa ulimi wake wa Kisukuma, nami kwa ujinga wa ujana nilikuwa nikimwigiza nikiwa peke yangu. Nikisema kuna doa, anauliza, "Langi?" Nikisema kijivu, anauliza, "Na pembeni yake?" Nilichoka. Siku moja, nikiwa juu ya ngazi na jua limeshaanza kuchoma, nilimwambia, "Mzee, si una darubini? Unaona mwenyewe." Aliishusha darubini. "Nataka kujua kama wewe unaona," alijibu. Nikaamini ni mtihani, kama ile ya chuoni, ambapo mwalimu anakuuliza kitu anachokijua. Mimi niliyehoji kila kitu, niliyebishana na padre juu ya mahubiri na dereva juu ya njia, sikuwahi kuhoji swali lile.

Lakini jicho lake nililiogopa kuanzia siku ya boza. Lilikuwa gari la kubebea maji ambalo mimi nilikuwa nimeshalizunguka mara mbili na kuandika kwamba ni zima. Mzee alilala chali chini yake, akalaza tochi kwenye chuma kinachoshikilia tangi kwenye fremu, akaisogeza taratibu kama mtu anayepapasa uso wa mtoto aliyelala. Akaniita. Sikuona kitu. Akanishika mkono, akaelekeza tochi, nikaona kivuli chembamba kuliko uzi, kimepinda kufuata ukingo wa mshono wa kuchomelea. Tulipokisugua kwa brashi na kukimwagia mafuta ya taa, ufa ulijichora wote. Dereva, kijana wa Biharamulo mwenye maneno mengi, alishika kichwa. "Mzee una macho ya paka," alisema. "Jana nilishuka na huu mzigo mteremko mzima, nimebeba kaburi langu mgongoni." Mzee alijifuta mavumbi na kusema paka hawezi kuandika ripoti.

Jumamosi tulikwenda sokoni pamoja, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumpikia. Alichagua nyanya kwa kuziminya moja moja, mpaka mwanamke mwenye genge akamwambia, "Baba, hizo ni za kula, si za kukamua." Nikamwonyesha zile zilizokuwa zimeiva wazi wazi juu ya fungu. "Hizi hapa, mzee, mbona ziko mbele yako?" Akachukua alizonionyesha bila kusema neno, akashukuru. Nilidhani ni mazoea ya kazi yamemharibu, kwamba hata nyanya hawezi kuiamini kwa kuitazama.

Mnara ninaotaka kuueleza ulikuwa kwenye mteremko wa upande wa pili wa kambi. Ulikuwa na miguu minne ya chuma, kila mguu umeungwa kwa vyuma vya kukingama, na mahali vilipokutana palichomelewa kipande cha bati nene. Chini yake kulikuwa na mabomba kumi na mawili na mwanamke aliyeyasimamia, Leonia, mkimbizi kutoka Burundi, mwenye sauti iliyoweza kupanga foleni ya watu mia bila kuinuka kwenye kiti chake. Leonia alipenda usafi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alifagia chini ya mnara kila asubuhi, na siku tuliyofika mara ya kwanza tulimkuta akiuosha mguu wa mnara kwa kitambaa. Mzee alimsihi aache. "Mama, usiuoshe mpaka niuone ukiwa mchafu." Leonia aligeukia foleni. "Jamani, huyu mzee katoka mbali kuja kutafuta uchafu," alisema. "Mwambieni kwangu hatapata." Watu walicheka, naye mzee akacheka, na kuanzia siku hiyo walitaniana kama shemeji.

Tatizo lilikuwa rangi. Kulikuwa na wageni wakubwa waliokuja kutembelea kambi, na kabla hatujaukagua mnara, ofisi iliagiza upakwe rangi ya fedha ili upendeze. Mzee Masalu alikasirika kwa namna yake ya kunyamaza. Rangi mpya inaziba ufa kama ngozi inavyofunika kidonda. Alimwambia mkuu wa maji kwamba hataweka sahihi mpaka mvua ipite juu ya ile rangi, wiki kadhaa. Nilimuuliza kwa nini, na alinieleza jambo ambalo halikuwa kwenye zile kurasa nne. Maji yataingia kwenye ufa kama upo, alisema, yataoza chuma kule ndani, kisha kutu italia. Itatoka chini ya mshono na kuchora mstari juu ya rangi. Ukiuona huo mstari, chuma chenyewe kimekuambia. "Na ukiwa vumbi?" niliuliza. "Hapa kila kitu kina mistari myekundu, mzee. Mvua ikinyesha hata kuta za kanisa zinalia." Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo maana tuna kitambaa. Vumbi linafutika. Kutu inabaki."

Mvua zilinyesha. Udongo wa kule ni mwekundu na hauna mahali usipofika. Unaingia kwenye maandishi, kwenye chumvi, kwenye meno. Tuliporudi kwenye mnara, ile rangi ya fedha ilikuwa imerukiwa na matope mpaka kiunoni, na juu zaidi vumbi na mvua vilikuwa vimeichora mistari kila upande. Ilikuwa kazi ya mwisho ya siku iliyoanza alfajiri. Nilikuwa na barua mfukoni, ya kuitwa kwenye usaili Dar es Salaam, kwenye kampuni yenye mashine za mawimbi ya sauti, na gari la kwenda Ngara mjini, nilikotaka kupiga simu ya kuijibu, lilikuwa linaondoka baada ya muda mfupi. Nilipanda mguu wa kwanza, nikafuta kwa kitambaa, mstari ukafutika. Vumbi. Nikapanda wa pili, nikafuta, ukafutika. Vumbi. Nilipofika kwenye bati la mguu wa tatu, chupa ya maji ilikuwa tupu. Juu ya kichwa changu kulikuwa na tangi lililojaa maji mpaka ukingoni, na mimi nilikuwa sina tone.

"Chini ya mshono naona msitali," mzee aliita kutoka chini, darubini machoni. "Langi?"

"Nyekundu," nilisema.

"Nyekundu gani?"

"Vumbi tu, mzee. Kila kitu hapa ni chekundu."

Leonia, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake, aliinua uso. Alikuwa ameniona nikiipindua chupa. "Dada," aliita, "nikupandishie maji?" Alikuwa ameshashika kopo. Nakumbuka lilikuwa kopo la mafuta ya msaada, lenye mpini wa waya.

"Hapana mama, imetosha," nilisema.

"Umefuta?" mzee akauliza.

"Nimefuta."

Sijui nieleze vipi ili anayesoma asiseme ningefanya tofauti. Sikujiona ninadanganya. Nilikuwa nimeshafuta mistari miwili ya namna ile ile na yote ilikuwa vumbi, na akilini mwangu wa tatu ulikuwa umeshafutika pia. Nilisema ninachokijua. Nilichokiona kilikuwa mstari mwekundu, umeanza mahali pamoja kwenye ukingo wa mshono, si kutoka juu kama ile mingine. Hilo la kuanzia kwenye mshono nililiona kwa macho yangu, na nikalikumbuka baadaye, muda ambao kukumbuka hakukusaidia. Mzee aliandika kwenye daftari, polepole, kisha akafunga. Jioni niliandika ripoti kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo, naye akaweka sahihi chini ya yangu.

Siku ya tisa baada ya hapo tulikuwa upande wa pili wa bonde, tukikagua boza, saa nne asubuhi. Nilisikia sauti kama mlango mkubwa wa chuma unaofungwa, mara moja. Halafu kimya, na hicho kimya ndicho kilichonitisha, kwa sababu kambi haikuwa na kimya hata saa moja. Kisha nikaona maji. Yalikuwa yanashuka mteremko yakiwa mekundu kama supu ya nyanya, mapana, yakibeba ndoo za njano, ndala na kiti. Kiti nilikitambua. Mzee Masalu aliniacha, akaanza kukimbia na lile goti lake. Nilimpita.

Tangi lilikuwa limelala ubavu, limepasuka. Watu walikuwa wakiwatoa wenzao waliosombwa kwenye matope, wengine wakiita majina, na majina yakiitikiwa moja baada ya jingine, na kila lilipoitikiwa mtu alikaa chini pale pale kama amekatwa miguu. Leonia alikuwa hai. Chuma cha kukingama kilikuwa kimeangukia mkono wake wa kulia, na wanaume sita walikuwa wanakiinua. Nilipaswa kwenda kwake. Sikwenda. Nasema hili kwa kuwa ndilo linalonishtua zaidi hata leo, kuliko ile sauti na yale maji: miguu yangu ilinipeleka kwenye mguu wa tatu. Nilipiga magoti kwenye matope nikatazama pale ulipovunjika. Nusu ya uso wa ule mvunjiko ilikuwa inang'aa, kijivu safi, chuma kilichokatika dakika ile. Nusu nyingine ilikuwa ya kahawia nyeusi, ya zamani, imeliwa na kutu. Mtoto angeweza kuusoma. Nusu ya mguu ule ilikuwa imeshakatika wiki nyingi kabla, imekuwa ikitangaza juu ya rangi ya fedha, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake umbali wa shubiri mbili. Nilitoa kitambaa mfukoni, sijui kwa nini, nikafuta ile sehemu ya kutu. Haikufutika. Nikafuta tena. Mtu alinishika mabega kwa nyuma akaninyanyua; alikuwa Mzee Masalu, na alikuwa analia bila sauti.

Hakufa mtu. Watu walilisema hilo wiki nzima, kama wanamwomba mtu fulani asiwabadilishie habari hiyo. Leonia alikatwa mkono juu ya kiwiko. Nilikwenda kumwona kwenye hema la hospitali nikiwa na machungwa, nikasimama mguuni pa kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniangalia kwa mshangao tu, kama mtu anayejaribu kupanga jambo lisilopangika. "Mlikuja," alisema. "Niliwaona mkiangalia. Mliangalia muda mrefu." Niliyaweka machungwa juu ya blanketi, na baada ya kutoka ndipo nilipotambua kwamba hataweza kuyamenya.

Ndipo likaja lile hema la ofisi, na lile swali. Uliona nini? Mara ya tatu alipouliza, Mzee Masalu aliinua kofia kutoka magotini. "Mkuu," alisema, "huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Aliyetakiwa kuona ni mimi. Mstari niliuona kwa darubini, nikaupitisha. Macho yangu ndiyo yaliyokosa." Mkuu alinigeukia, nami nilikuwa na nafasi yote duniani ya kusema. Nilisikia watu wakipita nje na ndoo. Nilisikia turubai likipigwa na upepo. Sikusema. Mzee aliachishwa kazi siku ile ile. Mimi nilipewa onyo la maandishi, na barua yangu ya usaili ilikuwa bado mfukoni.

Jioni Mama Restituta aliweka chakula mezani, sikugusa. Wifi yake alikuwepo, na kwa mara ya kwanza hawakuzungumza lugha yoyote. Mwishowe Mama Restituta alisema, "Wanasema ni yule mzee hakuona." Nikasema ndiyo, ndivyo wanavyosema. Alinitazama kwa muda, akachukua sahani yangu akaifunika kwa nyingine. "Itakusubiri," alisema.

Nilimkuta mzee asubuhi kando ya barabara, akisubiri lori la kwenda Biharamulo, begi la turubai miguuni. Nilimwamkia, akaitikia. Nikasema kwa haraka, kabla sijaogopa, "Mzee, ule mguu wa tatu sikuufuta. Maji yaliisha. Nilikudanganya." Alikuwa akitazama barabara. Nilingoja anikaripie, na ningefurahi. "Kila mtu ana neno alilolimeza siku ile, ng'wanawane," alisema. "Na mimi nina langu." Nilidhani ni upole. Nilidhani anajitwisha kosa lisilo lake ili langu lipungue uzito. Nilimuuliza neno gani, naye akacheka kidogo. "Unauliza sana," alisema, "ila hungoji jibu." Lori likaja. Nilikwenda Dar es Salaam baada ya wiki mbili, nikapata kazi, nikagusa zile mashine, na kila nilipowafundisha vijana niliwaanzishia na kurasa nne za mwanzo. Niliwaambia wabebe chupa mbili za maji. Sikuwaambia kwa nini. Runazi sikwenda hata mara moja, na kila mwaka nilikuwa na sababu.

Nimekwenda sasa. Kabula ana nyumba ya matofali kando ya shamba la mihogo, na amefanana na baba yake mpaka vidole. Alinipikia ugali wa muhogo na dagaa, akaniwekea maziwa ya mgando, akanitazama nikila mpaka akaridhika. Kisha akaleta kisanduku. Kulikuwa na kioo cha mpini, lenzi yenye mkwaruzo, na madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani. Nililitafuta la mwaka ule. Ukurasa wa mnara ulikuwepo, mwandiko wake mkubwa wa kalamu ya risasi: *Mguu wa 3. Mstari chini ya mshono. Nyekundu (A). Vumbi (A). Amefuta (A).* Nilidhani A ile ni lawama, jina langu likiwekwa kando ya kosa langu. Nikafungua kurasa za nyuma. Kijivu (A). Kahawia (A). Kijani, rangi ya bomba (A). Kila rangi ya mwaka ule ilikuwa na herufi yangu. Nikachukua daftari la zamani, la enzi za kiwanda cha pamba, kabla sijamjua, na humo kila rangi ilikuwa na herufi nyingine: nyekundu (J), nyekundu (J), kijani (M). Vivuli, mipasuko, mikwaruzo havikuwa na herufi yoyote.

Nilimwonyesha Kabula, nikamuuliza herufi hizi ni za nini. Alishangaa kwamba nauliza.

"Za watu waliokuwa wanamwambia," alisema. "Kwani wewe hukujua? Baba nyekundu na kijani alikuwa hazitofautishi, tangu kuzaliwa. Kiwandani siku ya kupimwa macho rafiki yake alimnong'oneza majibu, akapita, akaogopa kusema maisha yake yote. Hata nyanya, akikosa mtu wa kumwambia, alikuwa anaziminya."